Kijana wa Butiama na Lugha ya Pwani

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Shukrani zote anastahiki Allah, aliyemuumba mwanadamu na kumfunza kueleza yaliyomo moyoni mwake. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na Maswahaba zake wote.

Ndugu wasomaji, katika baraza za visiwa vyetu mazungumzo juu ya Kiswahili hayeshi. Mmoja husema lugha hii ni yetu, na watu wa bara wameichukua wakaifanya yao. Mwengine hujibu kuwa lau si bara kuichukua, leo ingekuwa lugha ya mwambao tu, kama zilivyo lugha nyingi ndogo zinazokufa pole pole. Jina la Mwalimu Nyerere halikosi kutajwa, na likitajwa kila mtu huwa na lake. Wapo wanaomsifu bila kipimo, na wapo ambao jina hilo huwakumbusha machungu ya miaka ya nyuma.

Dini yetu inatufunza kuwa kuchukizwa na watu kusitufanye tukaacha uadilifu. Kwa hivyo leo tunausimulia umri wa mtu huyu kwa upande mmoja tu, wa lugha. Tutasema alilolifanya, na tutasema pia lililopotea. Mengine ya siasa yana mahala pake.

Butiama na Bunda

Alizaliwa Butiama, katika nchi ambayo leo ni Mkoa wa Mara, tarehe 13 Aprili 1922. Baba yake, Burito Nyerere, alikuwa mtemi wa Wazanaki. Mama yake, Mugaya, alikuwa mmoja wa wake wengi wa mtemi huyo. Mtoto aliitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua katika imani za kwao, kwa sababu siku ya kuzaliwa kwake ilinyesha mvua nyingi.

Wazanaki ni kabila dogo. Wamezungukwa na Wakurya, Wajita, Waikizu, Wangoreme, Wakwaya na wengine, kila watu na lugha yao. Anayetoka Musoma kwenye ufukwe wa ziwa akaelekea Bunda hupita katika ardhi za watu wa lugha kadhaa, na yote hiyo ni safari ya saa chache kwa gari. Kambarage alikua akichunga mbuzi na kusema Kizanaki. Kiswahili hakikuwa lugha ya nyumbani kwao.

Husimuliwa huko Mara kuwa aliyemfungulia njia ya skuli ni mtemi jirani, Mohamed Makongoro wa Ikizu, upande wa Bunda. Mtemi huyo alimuona mtoto akicheza bao, akastaajabia akili yake, akamshauri Burito ampeleke akasome. Nasi tunaocheza bao katika kila mtaa wa Unguja na Pemba hatushangai kuwa mtu alipimwa akili kwa kete.

Mwisenge, 1934

Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka kama 12, Kambarage alipelekwa skuli ya Mwisenge mjini Musoma, kiasi cha kilomita 40 kutoka kwao. Ilikuwa skuli ya bweni ya serikali ya Waingereza. Watoto walitoka makabila mbali mbali, na hawakuweza kusomeshwa kila mmoja kwa lugha ya mama yake. Walisomeshwa kwa Kiswahili. Mtoto wa mtemi ikambidi aanze kujifunza lugha ngeni kabla ya kujifunza jengine lolote.

Hapa inafaa tujiulize: Kiswahili kilifikaje Musoma? Kilitangulia na misafara ya wafanyabiashara iliyotoka pwani kwenda bara, pamoja na waungwana, wapagazi na walimu wa dini. Kisha wakaja Wajerumani, wakawatumia makarani, maakida na walimu waliokijua Kiswahili, wakakifanya lugha ya kazi zao za utawala. Baadhi ya wamishionari wao walikipinga kwa sababu moja: waliona kuwa ni lugha ya Waislamu, na kwamba ikienea na dini itaenea. Lakini serikali ilihitaji lugha moja ya kutawalia, na haikupata nyengine iliyokuwa tayari.

Waingereza walipochukua nchi waliendelea. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, badala ya Kimvita. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ya kusimamia vitabu na tahajia. Kambarage aliingia Mwisenge miaka minne tu baada ya hapo. Kwa maneno mengine, mtoto wa Kizanaki aliyekaa kitako darasani Musoma alikuwa anafunzwa lugha iliyosimamishwa juu ya usemi wa bibi zetu wa Unguja.

Lakini jambo moja halikufika Mwisenge, nalo ni hati zetu. Kwa karne nyingi Kiswahili kiliandikwa kwa hati za Kiarabu. Utendi wa Tambuka, unaosimulia vita vya Waislamu na Warumi, una nakala ya mwaka 1728 iliyoandikwa Pate kwa hati hizo. Barua za biashara, wosia, talaka, mirathi na mashairi ya mapenzi, yote yaliandikwa hivyo. Skuli za wakoloni zilichukua maneno, zikaacha herufi. Mtoto wa Butiama hakuwa na namna ya kujua kuwa lugha aliyopewa ilikuwa na nguo nyengine kabla ya ile.

Tabora, Makerere na Edinburgh

Mwaka 1937 alikwenda Skuli ya Serikali Tabora. Mwaka 1943 alibatizwa Mkatoliki akachukua jina la Julius, na mwaka huo huo akaingia Makerere, Uganda, kusomea ualimu. Alirudi kufundisha Tabora, na mwaka 1949 akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland, alikokaa hadi 1952. Kiingereza alikijua vizuri kuliko Waingereza wengi. Lau angetaka kuifanya siasa yake yote kwa Kiingereza, kama walivyofanya wasomi wengi wa Afrika wa rika lake, asingeshindwa.

Akarudi, akafundisha Pugu, karibu na Dar es Salaam. Huko mjini alikutana na watu ambao Kiswahili kwao hakikuwa lugha ya skuli. Walikuwamo akina Abdulwahid Sykes na mdogo wake Ally, Dossa Aziz, Bibi Titi Mohamed, na Sheikh Hassan bin Ameir, mwanachuoni mwenye asili ya visiwa hivi. Mwaka 1953 Nyerere akawa rais wa chama cha TAA, na tarehe 7 Julai 1954 ikazaliwa TANU. Kijana wa bara aliyejifunza Kiswahili kwenye dawati sasa alikuwa anakisikia barazani, msikitini kwenye dua za mikutano, na katika ngoma za kina mama alikotoka Bibi Titi.

Mwaka 1955, baada ya safari ya Umoja wa Mataifa New York, aliacha ualimu ili afanye siasa. Alirudi Butiama kwa miezi kadhaa, na huko akamfunza Kizanaki padri mmoja wa misheni. Hili ni jambo dogo, lakini lina maana yake. Hakuiacha lugha ya mama yake. Alijua thamani yake, na hata hivyo hakuwahi kuwataka watu wa makabila mengine waisome.

Kisha akarudi Dar es Salaam. TANU ilikwenda kila wilaya kwa Kiswahili. Mkurya, Mchaga, Mmakonde na Msukuma waliweza kukaa mkutano mmoja bila mkalimani, au kwa wakalimani wachache. Nchi nyingi za jirani hazikuwa na neema hiyo. Huko Uganda, ng'ambo ya ziwa lile lile la Musoma, watu wengi walikihusisha Kiswahili na askari, na chuki hiyo haijaisha kabisa hadi leo.

Lugha katika serikali

Uhuru wa Tanganyika ulipatikana tarehe 9 Disemba 1961. Mwaka mmoja baadaye, nchi ilipokuwa Jamhuri, Nyerere alihutubia Bunge kwa Kiswahili, na hilo lilikuwa jambo jipya katika ukumbi uliozoea Kiingereza. Mwaka 1963 ilichapishwa tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare, na mwaka 1969 ikatoka Mabepari wa Venisi. Alitaka kuonyesha kuwa lugha hii inaweza kubeba mzigo wowote. Sisi tuliokwisha kuona mashekhe wetu wakifasiri elimu ya fiqhi, tafsiri na nahau kwa Kiswahili kila siku tulilijua hilo, lakini wakubwa wengi wa maofisini walikuwa hawaliamini.

Mwaka 1967 serikali iliamua shughuli zake ziendeshwe kwa Kiswahili, na elimu ya msingi ikawa kwa Kiswahili. Mwaka huo huo likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA. Hatua hizi ndizo zilizomfanya mtoto wa Bunda na mtoto wa Mtwara wasome kitabu kimoja.

Lugha nyengine iliyozaliwa vinywani mwa Waislamu

Ili tupime alilolifanya, tutazame lugha iliyo na asili inayokaribiana na yetu, lakini mwisho wake ukawa mwengine. Nayo ni Kiafrikana, lugha ya Makaburu wa Afrika Kusini.

Wengi wetu hudhani kuwa Kiafrikana ni lugha ya wazungu tangu mwanzo. Ukweli ni kwamba Waholanzi walipofungua bandari Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1652, waliwaleta watumwa kutoka visiwa vya Indonesia, Bara Hindi, Madagascar na pwani ya Afrika Mashariki, wakakutana na wenyeji wa Kikhoikhoi. Kiholanzi kilipopita katika vinywa vya watu hao wote kikageuka. Wengi wa watumwa na wahamishwa waliotoka mashariki walikuwa Waislamu. Mmoja wao, Imam Abdullah bin Qadi Abdussalam wa Tidore, anayejulikana kwa jina la Tuan Guru, aliletwa akiwa mfungwa mwaka 1780, akaiandika Qur'ani kwa hifadhi ya moyo wake akiwa kifungoni, na alipoachiwa akafungua chuo Cape Town.

Katika vyuo kama hicho watoto wa Kiislamu walisomeshwa, na baada ya muda lugha ya kusomeshea ikawa hiyo hiyo ya mitaani. Wakaiandika kwa hati za Kiarabu. Mwanachuoni Abu Bakr Effendi, aliyetumwa na dola ya Uthmaniya katika miaka ya 1860, aliandika kitabu cha fiqhi kwa lugha hiyo na kwa hati hizo, kikachapishwa Istanbul mwaka 1877. Ni miongoni mwa vitabu vya mwanzo kabisa vya Kiafrikana.

Mwaka 1875 huko Paarl, wazungu kadhaa waliunda jumuiya ya kuipigania lugha hiyo kuwa ni lugha ya watu wao. Mwaka 1925 ikawa lugha rasmi. Baada ya 1948, chama cha ubaguzi kilipotawala, Kiafrikana kikafanywa alama ya kabila moja na rangi moja. Waliokizaa wakafutwa katika hadithi yake. Kisha kikalazimishwa. Tarehe 16 Juni 1976 watoto wa Soweto waliandamana kwa sababu walitakiwa wasome masomo yao kwa lugha hiyo, wakapigwa risasi.

Vijana wengi walikimbia nchi baada ya hapo, na baadhi yao walifika Tanzania. Serikali ya Nyerere ilitoa ardhi Mazimbu, Morogoro, na chama cha ANC kikajenga hapo skuli iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na Makaburu mwaka 1979. Watoto waliokimbia lugha iliyokuwa mjeledi wakaja kuishi katika nchi ambamo muuza samaki wa Musoma na karani wa Morogoro hujibizana kwa lugha moja, na hakuna anayemuuliza mwenzake ametoka kabila gani ndipo amruhusu kuisema.

Hapo ndipo ilipo tofauti. Lugha zote mbili zilikuzwa na mchanganyiko wa watu, na zote mbili ziliwahi kuvaa hati za Qur'ani. Moja ilinyakuliwa na kundi likaifanya mali yake, ikachukiwa na wengi katika walioizaa. Nyengine ilichukuliwa na mtu ambaye si yake kwa kuzaliwa, na kwa sababu si ya kabila lake hakuna aliyeweza kusema kuwa Wazanaki wanatawala kwa lugha yao.

Lililopotea

Tukinyamaza hapa tutakuwa hatukufanya uadilifu. Kuna mambo yalipotea.

La kwanza, asili ya lugha ilisemwa kwa sauti ndogo. Vitabu vingi vya skuli vilieleza Kiswahili kama lugha ya taifa, bila ya kumuonyesha mtoto kuwa kililelewa misikitini, vyuoni na bandarini karne nyingi kabla ya taifa hilo kuwepo.

La pili, waliombeba Nyerere kwa lugha na kwa mali zao hawakutajwa kwa haki yao. Mwaka 1968 jumuiya ya Waislamu ya Afrika Mashariki, EAMWS, ilipigwa marufuku, na Sheikh Hassan bin Ameir akarudishwa Zanzibar. Machungu ya jambo hilo bado yapo kwa Waislamu wengi, na hatuoni sababu ya kuyaficha.

La tatu, Kiswahili kilisimamishwa mlangoni mwa elimu ya juu. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kuwa skuli za sekondari nazo zisomeshe kwa Kiswahili. Serikali haikukubali, na Nyerere mwenyewe alitetea Kiingereza kibaki. Aliyefungua mlango wa mbele hakufungua wa ndani.

Kurudi Butiama

Aliacha urais mwaka 1985, akarudi Butiama kulima. Katika uzee wake alitunga tenzi za Injili kwa Kiswahili, zikachapishwa mwaka 1996. Sisi itikadi yetu juu ya Nabii Isa, amani iwe juu yake, inajulikana na haihitaji kurejewa hapa. Lakini tazameni umbo alilolichagua. Utenzi, wenye mishororo minne na kina cha mwisho kinachorudi, ni chombo kilichochongwa na mashekhe na mabibi wa Pate, Lamu na mwambao wote kwa ajili ya kusimulia sira ya Mtume na kuusia watoto. Mzee wa Kizanaki, katika kilima chake cha mbali, alipotaka kusema lililo kubwa kwake hakupata chombo bora kuliko hicho. Huo ni ushahidi wa nguvu ya kazi ya wazee wetu, na ulitoka kwa mtu ambaye hakuwa wa dini yao.

Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama. Mwaka 2021 UNESCO iliichagua tarehe 7 Julai, siku ya kuzaliwa TANU, kuwa Siku ya Kiswahili Duniani.

Tunachojifunza

Katika Surat Ar-Rum Allah anatutajia kuwa kutofautiana kwa lugha zetu na rangi zetu ni katika ishara Zake. Ishara ya Allah haiwi mali ya mtu. Kwa hivyo tusione ubakhili kwamba mtoto wa Butiama alikisema Kiswahili akakipa heshima. Mgeni aliyeingia nyumbani akaipenda nyumba si mwizi.

Lakini mwenye nyumba naye ana wajibu. Hati zetu hazikuondolewa na Nyerere. Zilikuwa zimeshaachwa skuli kabla yeye hajaingia Mwisenge, nasi wenyewe tukaacha kuzisomesha majumbani. Leo mtoto wetu anahitimu juzuu, anasoma Qur'ani vizuri, lakini akipewa barua ya babu yake iliyoandikwa kwa Kiswahili na herufi zile zile hajui kuisoma. Nani wa kulaumiwa kwa hilo?

Tunawanasihi wazazi wa Unguja, Pemba na visiwa vyote vya mwambao: kama lipo sanduku la karatasi za wazee, lifungueni. Mpeni mtoto karatasi moja baada ya Maghrib, akae na babu au bibi yake, wasome pamoja mstari kwa mstari. Walimu wa vyuo, watengeeni wanafunzi wakubwa nusu saa kwa wiki waandike Kiswahili kwa hati za Kiarabu, nao wanazijua tayari. Hakuna gharama yoyote ila kalamu na subira.

Waislamu wa Cape Town walisahauliwa katika hadithi ya lugha waliyoizaa, kwa sababu wengine ndio walioiandika hadithi hiyo. Sisi hadithi yetu bado imo masandukuni, na wapo wazee wachache wanaoweza kuisoma. Tusisubiri mpaka wa mwisho wao aondoke.

Wallahu a'lam.